Spika Mpya, Amplifaya ya Zamani



Wapendwa wasomaji wetu, wengi wenu mnalifahamu gari la parokia, na baadhi yenu mmepata kulisukuma wakati wa masika. Majuma machache yaliyopita mliuliza, wengine kwa mzaha, kwa nini redio yake ilinyamaza kwa miezi miwili kisha ikarudi kuimba. Tuliahidi kuwajibu. Leo tunalipa deni hilo, na pamoja nalo deni jingine lililo zito zaidi, kama mtakavyoona.

Gari lenyewe ni la mtumba kutoka Japani. Lilipofika, redio yake haikuweza kushika vituo vyetu vingi, kwa sababu masafa ya FM ya huko huanzia megahezi 76, ilhali vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Kijana fundi mwenye kibanda karibu na stendi alifunga kifaa kidogo cha kubadili masafa, na tangu siku hiyo tukawa marafiki. Ni yeye aliyetuonyesha kwamba chini ya kiti cha abiria kulikuwa na kisanduku cha bati chenye mbavu mbavu za kupoza joto. Alisema, “Baba Paroko, gari hili lina amplifaya yake ya kiwandani. Redio haisukumi spika yenyewe. Inapeleka sauti ndogo hapa, nayo amplifaya ndiyo inayobeba mzigo.” Tuliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia jambo asilokusudia kulikumbuka.

Miaka ikapita. Vumbi la barabara za vigangoni, joto na unyevu vilifanya kazi yao. Ukingo wa sponji unaoshikilia koni ya spika ulioza na kukatika, kwanza mlango wa kushoto, kisha wa kulia. Sauti ikawa ya kukwaruza, kama mtu anayesema na mdomo umejaa mahindi. Sisi tungeweza kuvumilia. Lakini Mzee Katekista, ambaye husafiri nasi karibu kila juma, masikio yake yamechoka kwa umri, na kuna vitu viwili asivyopenda vimpite: taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Ilikuwa vigumu kumwona akiinamisha kichwa kuelekea mlangoni, kiganja nyuma ya sikio, akijaribu kukamata jina la marehemu na la kijiji chake katikati ya mkwaruzo ule.

Basi, tulipokwenda Dar es Salaam kwa mkutano, tulipita Kariakoo kununua spika. Hatukumwuliza fundi wetu kabla ya safari. Hatukupima chochote. Tulisimama mbele ya rafu na kuangalia maboksi kama mtoto aangaliavyo peremende. Boksi moja lilikuwa na maandishi makubwa ya dhahabu: wati 300. Muuzaji akasema, “Hizi, Baba, zinatikisa vioo.” Tukafanya hesabu ya haraka: ikiwa spika za zamani nyuma yake zimeandikwa wati 20 tu, hizi zitakuwa na nguvu mara 15. Tukanunua nne, ingawa milango yenye spika mbovu ilikuwa miwili. Tulifikiri kwamba zaidi ni bora.

Fundi alizifunga mbili katika milango ya mbele. Tukawasha redio, na sauti ikatoka safi, haina mkwaruzo, lakini ya chini. Tulipandisha hadi mwisho, na bado Mzee Katekista aliweka kiganja nyuma ya sikio. Tukakasirika. Wati 300 zimekwenda wapi? Tukamwambia fundi azifunge na zile mbili zilizobaki, katika milango ya nyuma, kwa waya zile zile za mbele. Alisita. Alisema, “Baba, amplifaya hii haikutengenezwa kwa mzigo huo.” Tukamjibu kwamba spika tumekwisha kuzinunua, na fedha za watu haziwezi kulala kabatini. Hakusema tena. Akazifunga.

Lo, ilikuwa furaha! Gari lilijaa sauti. Kwa majuma matatu tulisafiri kama watu waliopata redio kwa mara ya kwanza maishani mwao. Mara mbili, mchana wa jua kali, sauti ilikatika ghafla, kisha baada ya robo saa ikarudi yenyewe. Tulilaumu waya. Mara ya tatu tulikuwa tukirudi kutoka kigango cha mbali kabisa. Tukasikia harufu ya kuungua, sauti ikakoroma kidogo, kisha ikawa kimya. Safari hiyo haikurudi.

Sasa tunafika mahali ambapo ni vigumu kuandika. Dominika iliyofuata, baada ya Misa ya pili, watu walikuwa wamesimama chini ya mwarobaini kama ilivyo desturi. Mmoja akauliza habari za gari. Tukajibu kwa sauti iliyosikika na wote, “Yule fundi wa stendi ametuunguzia redio. Msimpelekee kitu cha thamani.” Watu wakacheka, nasi tukacheka. Walikuwapo wenye magari ya abiria, na vijana wa bodaboda ambao humpelekea taa na ving'ora. Sentensi moja, iliyotamkwa kwa nusu mzaha na mtu wanayemwita Baba, ikatembea hadi stendi kabla ya saa sita mchana.

Mwezi mmoja baadaye tulikuwa njiani na Mzee Katekista, katika gari lililo kimya. Baada ya kilomita nyingi alisema taratibu, “Baba, naomba kuuliza. Zile spika mbili za nyongeza, alizitaka fundi?” Hatukujibu. Naye hakurudia swali. Ni mzee mwenye busara. Anajua kwamba swali zuri haliulizwi mara mbili.

Jioni ile ile tulikwenda kibandani. Tulizoea kukuta foleni ya redio na pikipiki. Tulimkuta kijana peke yake. Amplifaya yetu ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa, na sehemu moja ya bodi yake ilikuwa nyeusi kama mkaa. Alikuwa ameichunguza kwa wakati wake mwenyewe, bila malipo, apate kujua palipoungua. Tukamwomba atueleze kama anavyomweleza mwanafunzi. Akachukua kipande cha boksi na kalamu, na haya ndiyo aliyotufundisha. Tunayaandika hapa kwa kuwa yanaweza kumsaidia mwingine aliye na gari kama letu.

Jambo la kwanza ni wati. Namba ile ya dhahabu haisemi spika inatoa nini. Inasema spika inaweza kustahimili nini, tena mara nyingi kwa kitambo kidogo tu. Anayetoa nguvu ni amplifaya. “Ndoo ya lita 20,” alisema, “haina maji mpaka uende kisimani.” Amplifaya ya kawaida ya gari hula umeme wa betri ya volti 12, na kwa hiyo haiwezi kuipa kila spika zaidi ya wati 20 hivi zilizo za kweli. Kuifunga kwenye spika ya wati 300 hakuiongezei hata wati moja.

Jambo la pili ni wepesi wa spika kuitika. Kwenye karatasi ya maelezo kuna namba nyingine ndogo ambayo hatukuitazama: desibeli ngapi spika inatoa ikipewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zikiongezeka, ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili. Spika kubwa za wati nyingi aghalabu zina koni nzito na koili nzito, na huitika kwa uzito. Hizi zetu ziliandikwa desibeli 86. Spika za kiwandani zina koni nyepesi ya karatasi, zimeundwa ziimbe vizuri kwa nguvu ndogo. Kama zile za zamani zilikuwa na desibeli 92, tofauti ni desibeli 6, yaani spika mpya zingehitaji nguvu mara nne ili kufikia sauti ile ile. Hapo ndipo wati zetu 300 zilipokwenda.

Jambo la tatu, lililotuunguza, ni ukinzani. Nyuma ya kila spika huandikwa namba yenye alama ya herufi ya Kigiriki, omega. Hicho ni kipimo cha omu, kinachoitwa kwa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm. Ukinzani ni jinsi spika inavyozuia mkondo wa umeme usipite kwa fujo. Tuseme amplifaya inatoa volti 8. Ikikuta spika ya omu 4, mkondo utakuwa ampea 2, na nguvu wati 16. Ikikuta mzigo wa omu 2, mkondo utakuwa ampea 4, na nguvu wati 32. Sauti inapanda, ni kweli, lakini joto ndani ya amplifaya nalo linapanda, na kisanduku kile cha bati kilipimwa kwa ampea 2, si 4.

Nasi tulikuwa na spika za omu 4, kama inavyotakiwa. Kosa likatoka wapi? Fundi akachora milango miwili ya kanisa. “Baba, watu wakitoka kwa mlango mmoja, wanatoka polepole. Ukifungua wa pili, wanatoka mara mbili.” Spika mbili za omu 4 zikifungwa bega kwa bega kwenye waya zile zile, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa amplifaya huwa ni mzigo mmoja wa omu 2. Zikifungwa kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine, huwa omu 8: amplifaya hupumzika, lakini nguvu hupungua nusu. Sisi tulifungua mlango wa pili. Ile mara mbili sauti ilipokatika juani, ilikuwa amplifaya inajizima ili isiungue, nasi tukalaumu waya.

Akaongeza kwamba yapo magari ambayo mambo ni kinyume. Baadhi ya mifumo ya kiwandani ya bei kubwa imejengwa kwa spika za omu 2, au hata chini yake. Mwenye gari la namna hiyo akinunua spika za kawaida za omu 4, hataunguza kitu, lakini atapata karibu nusu tu ya nguvu aliyoizoea na atadhani ameuziwa spika mbovu. Kwa hiyo hakuna namba moja iliyo njema kwa magari yote. Namba njema ni ile ambayo amplifaya ya gari lako ilitengenezwa nayo.

Alipomaliza tulimwuliza, “Mwanangu, haya yote uliyajua. Kwa nini hukutuambia?”

Aliangalia meza. “Nilisema mara moja, Baba. Mara ya pili niliona haya. Wewe ni Baba Paroko. Nani atakuambia hapana mara mbili?”

Wapendwa, tumeketi na jibu hilo kwa muda mrefu. Amplifaya ile haikuwa na mdomo. Ilibeba tulichoipa, ikapata joto, ikajizima mara mbili, na hatimaye ikaungua. Na kijana yule alikuwa na mdomo, lakini sisi tulikuwa tumekifanya cheo chetu kuwa mzigo ambao mdomo wake haukuweza kuusukuma. Kisha kilichoungua kilipoungua, tulimbebesha yeye hasara yetu mbele ya watu. Hakutetea jina lake. Angelitetea vipi? Kwa kusimama chini ya mwarobaini na kusema kwamba paroko amesema uongo?

Tulijifunza baadaye kwamba hata huyo Ohm hakusikilizwa mapema. Alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari mjini Cologne, na mwaka 1827 alitangaza kitabu kilichoeleza uhusiano wa volti, mkondo na ukinzani. Wakubwa wa elimu nchini mwake walikipokea kwa ubaridi, naye akaiacha kazi yake. Ilipita miaka 14 hadi mwaka 1841, ndipo Royal Society ya London ilipompa Nishani ya Copley. Leo kila fundi wa stendi anaihesabu kanuni yake kwenye kipande cha boksi. Aliye na ukweli wa hesabu huweza kuwa mtu asiye na cheo, na mwenye cheo huweza kumchelewesha kwa miaka mingi.

Tulifanya nini? Kwanza gari. Amplifaya ya namna ile ile ilipatikana Gerezani, Dar es Salaam, kutoka gari lililovunjwavunjwa. Safari hii fundi alikwenda mwenyewe, na sisi tulikaa nyumbani. Kabla ya kuondoka alizipima spika za zamani kwa mita: ilisoma omu 3.4, nasi tukadhani imeharibika. Akatueleza kwamba spika inayoitwa ya omu 4 husoma chini kidogo kwa mita, kwa sababu mita hupima waya wa koili tu, wakati ukinzani ulioandikwa ni wa spika inapoimba. Alipima pia kina cha mlango, kioo kikiwa kimeteremshwa, ili sumaku ya spika mpya isigonge kioo. Akarudi na spika mbili, si nne: omu 4, desibeli 92, wati 40. Bei yake ilikuwa chini ya zile za maandishi ya dhahabu.

Alipozifunga aligusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye waya za kila spika na kutazama koni. Chanya ikiwa kwa chanya, koni husogea mbele. Alituambia kwamba spika moja ikifungwa kinyume, hii inasukuma hewa wakati ile inavuta, na sauti nzito za besi huuana katikati. Mwisho akatuonya kwamba amplifaya ya kiwandani mara nyingi imerekebishwa kufuata tabia za spika zake za kwanza, hivyo tusitegemee kwamba spika nyingine, hata zikilingana kwa namba, zitaimba sawasawa kabisa na zile zilizotoka nazo Japani. Tulikubali. Mzee Katekista aliketi kitini pake, redio ikawashwa kwa sauti ya kati, na kiganja chake kikabaki gotini.

Halafu lile la pili. Tungeweza kumwomba msamaha kibandani, watu wawili tu, na kweli tulimwomba. Lakini maneno yetu hayakusemwa kibandani. Kosa la mwarobaini haliponyeki nyuma ya pazia. Basi Dominika iliyofuata tulisimama pale pale, baada ya Misa ile ile ya pili, na kusema kwa sauti ile ile: “Tuliwaambia kwamba fundi ametuunguzia redio. Haikuwa kweli. Alituonya, tukamlazimisha, na tulipoharibu tukamsingizia. Kazi yake ni njema, na gari letu limerudi kwake.” Safari hii hakuna aliyecheka. Kijana alikuwa amesimama mbali, karibu na lango, amevaa shati la Dominika, akiangalia viatu vyake.

Tungependa kuwaambia kwamba siku iliyofuata foleni ilirudi kibandani. Baadhi walirudi. Wengine walikuwa wamekwisha kupata mafundi wengine, na hakuna tangazo linaloweza kuwafikia wote waliosikia neno la kwanza, kwa maana neno lile halikuishia kwa waliokuwapo. Mwenye gari moja la abiria mpaka leo hampelekei kazi, na tukikutana naye tunakumbuka ni nani aliyelipanda shaka hilo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una gari lenye amplifaya ya kiwandani, soma nyuma ya spika za zamani kabla hujaona maandishi ya mbele ya boksi jipya. Linganisha omu na omu. Tafuta desibeli kuliko wati. Usiongeze spika juu ya spika kwa waya zile zile. Na fundi wako akisema mara moja kwamba haiwezekani, mwombe aseme mara ya pili, hasa kama wewe ni mtu ambaye watu huona haya kumwambia hapana. Akiweza kusema mara ya pili mbele yako, mshukuru, kwa maana amekulinda na hasara.

Zile spika nne za wati 300 bado zimo kabatini katika ofisi ya parokia. Mhasibu wetu ameuliza mara kadhaa kwa nini haziuzwi. Tumemwomba aziache kwanza.